Rangi za Kung'aa na Hesabu ya Ukimwi

Jicho la mwanadamu ni mtumishi mwaminifu, lakini uwezo wake una mpaka. Lamwona simba aliye mbali mbugani, wala halimwoni mdudu aliye katika damu inayopita ndani ya jicho lenyewe. Maradhi mengi yameua watu kwa sababu ya upungufu huu. Ukimwi ni mmoja wa maradhi hayo, na umeyazidi mengine kwa hila. Virusi vyake huingia katika chembe zilizowekwa kuwa walinzi wa mwili, na huwaangamiza walinzi hao kidogo kidogo kwa miaka mingi kabla mwenye mwili hajahisi kitu. Jambo lililowawezesha wataalamu kuujua wizi huu lilikuwa rangi: rangi za namna ya pekee, ambazo hung'aa zikiangazwa. Historia ya rangi hizo ina umri wa zaidi ya karne moja na nusu. Ina sifa nyingi, na ina fundisho moja zito juu ya tofauti iliyopo kati ya kumwona mgonjwa na kumtibu.

Mwanzo wake ulikuwa katika dawa ambayo Afrika Mashariki iliijua sana, yaani kwinini. Mwaka 1845 John Herschel, mtaalamu wa Uingereza, aliandika kwamba maji yaliyotiwa kwinini, ambayo ni maangavu kama maji mengine, hutoa mng'ao wa buluu yakiwekwa juani. Mwaka 1852 George Gabriel Stokes wa Cambridge alieleza sababu yake. Aliupasua mwanga wa jua kwa kioo hata ukawa rangi mbalimbali kama za upinde wa mvua, kisha akaipitisha chupa ya kwinini katika rangi hizo, moja baada ya moja. Chupa haikubadilika katika nyekundu wala katika kijani. Ilipofika kwenye urujuani, na kupita mpaka mahali ambapo jicho halioni mwanga wowote, ikang'aa. Stokes alitambua kuwa kwinini hupokea mionzi isiyoonekana na kuirudisha ikiwa mwanga uonekanao. Mwanga urudishwao huwa na nguvu kidogo kuliko ule uliopokewa, na kwa hiyo rangi yake huwa nyingine. Tofauti hii ndogo ndiyo msingi wa mambo yote yaliyofuata. Mtu aweza kuuzuia kwa kioo mwanga uliotumwa, akauruhusu ule uliorudi tu, na kitu kilichotiwa rangi kikaonekana kama nyota katika anga la usiku.

Mwaka 1871 Adolf von Baeyer, mkemia wa Ujerumani, alitengeneza fluoresini, rangi ambayo huwaka kijani kibichi ikiangazwa, hata ikiwa kidogo mno katika maji mengi. Nguvu yake ilidhihirika mwaka 1877. Huko kusini mwa Ujerumani maji ya mto Danube huzama ardhini karibu na Immendingen, na watu walikuwa wakibishana juu ya mahali yaendako. Adolf Knop aliamuru kilo 10 za fluoresini zimwagwe katika maji yazamayo. Baada ya saa 60 hivi, chemchemi ya mto Aach, iliyo mbali na hapo, ilitoka maji ya kijani. Sehemu ya maji yaliyodhaniwa kwenda yote katika Bahari Nyeusi ilikuwa ikipita chini kwa chini mpaka katika mto Rhine. Kilo chache za rangi ziliutatua ubishi ambao macho ya watu wengi hayakuweza kuutatua.

Walakini rangi iliyomwagwa mtoni hufuata maji yaendako, haichagui. Tabibu alihitaji rangi ijuayo kushika kitu kimoja na kukiacha kingine. Njia hiyo ilifunguliwa na Paul Ehrlich, aliyeonyesha kuwa chembe za mwili na vijidudu havipokei rangi kwa namna moja. Robert Koch alipotangaza tarehe 24 Machi 1882 kwamba amekiona kijidudu cha kifua kikuu, Ehrlich aliitengeneza upya njia ya kukitia rangi katika mwaka huo huo, na njia yake ikawa mama wa zile zilizotumiwa hospitalini baadaye. Katika miaka ya 1930 wataalamu wa Ujerumani wakaleta auramini, rangi ing'aayo ambayo hung'ang'ania ngozi yenye nta ya kijidudu hicho. Makohozi yakipakwa auramini na kuangazwa, vijidudu huwaka manjano katika giza, na mpimaji huvigundua upesi kuliko anapovitafuta kwa rangi ya kawaida. Jambo hili linafaa kukumbukwa, kwa maana kifua kikuu kilikuja kuwa mwuaji mkubwa wa watu wenye Ukimwi.

Mtu aliyezipa rangi hizi maarifa ya kuchagua kwa hakika alikuwa Albert Coons, tabibu kijana wa Marekani. Katika kiangazi cha mwaka 1939 alikuwa mjini Berlin kwa mapumziko, na fikira zake zilikuwa juu ya homa ya baridi yabisi. Ilidhaniwa kwamba homa hiyo hutokana na mwili kupambana na vijidudu vya aina fulani, lakini hapana aliyeonyesha mabaki ya vijidudu hivyo mahali palipougua. Mwili hutengeneza kingamwili, na kila kingamwili humjua adui mmoja tu na kumshika. Coons akajiuliza kwa nini kingamwili isifungiwe taa na kutumwa ikamtafute adui wake. Aliporudi Harvard alishirikiana na wakemia, wakafunga rangi juu ya kingamwili za kijidudu cha nimonia, wakatangaza kazi yao mwaka 1941. Rangi yao ya kwanza iliwaka buluu, na nyama ya mwili yenyewe huwaka kibuluu kidogo, hata taa ya mtafutaji ikapotea katika mwanga wa nyumba aliyoiingia. Mwaka 1942 walitumia fluoresini, ikawaka kijani, na mabaki ya vijidudu yakaonekana pale pale yalipokuwa katika nyama za panya. Vita vilimchukua Coons jeshini. Aliporudi aliitengeneza zaidi njia yake na kuitangaza tena mwaka 1950. Mwaka 1958 wataalamu wa Kansas walitoa namna mpya ya fluoresini, imara na rahisi kufungwa, na kazi iliyokuwa ya mabingwa wachache ikaenea katika maabara nyingi.

Lilibaki tatizo la hesabu. Kuiona chembe moja yenye kung'aa chini ya hadubini ni jambo moja, na kuzihesabu chembe maelfu kwa jicho ni jambo jingine lichoshalo. Leonard Herzenberg wa Stanford aliuonja uchovu huo, akatamani mashine ya kumsaidia. Huko Los Alamos, mwaka 1965, Mack Fulwyler alikuwa ameunda chombo cha kuchagua chembe kwa ukubwa wake. Chembe zilipangwa foleni katika mchirizi mwembamba wa maji, mchirizi ukakatwa kuwa matone, na kila tone likavutwa upande huu au ule kwa nguvu ya umeme. Herzenberg aliuomba mchoro wa chombo hicho, na yeye na wenzake wakakigeuza kiwe cha kuchagua chembe kwa mng'ao. Kazi yao ilitangazwa mwaka 1969, na muda si mrefu leza ikachukua nafasi ya taa. Chembe hupita mbele ya leza moja moja, kama abiria wapitao katika mlango mwembamba wa bandari. Yenye rangi hung'aa, jicho la umeme huiona, na hesabu huandikwa.

Mwaka 1975 Georges Köhler na César Milstein, wakiwa Cambridge, waligundua njia ya kutengeneza kingamwili za aina moja tu, zisizochanganyika, kwa wingi usiokwisha. Mwaka 1979 zikapatikana kingamwili za namna hiyo ziwezazo kutofautisha makundi ya chembe nyeupe za damu, ambazo kwa hadubini ya kawaida hufanana kama mapacha. Kundi moja lilikuwa la chembe ambazo huamuru na kusaidia nyingine katika vita vya mwili. Chembe hizo leo hujulikana hata vijijini kwa jina la CD4. Mwaka 1982 ikaongezwa rangi nyingine kali, iliyotolewa katika mwani, wa jamii kubwa ile ile ya mwani mwekundu ulimwao pwani ya Unguja. Leza moja iliweza kuiwasha fluoresini kijani na rangi ya mwani kimanjano, na aina mbili za chembe zikahesabiwa kwa safari moja.

Vyombo hivi vilikuwa vimekamilika kwa shida wakati msiba ulipobisha hodi. Tarehe 5 Juni 1981 ilitolewa habari fupi huko Marekani juu ya vijana watano wa Los Angeles waliopatwa na nimonia ya aina ambayo kwa desturi haiwapati ila watu ambao kinga yao imevunjika. Wawili walikuwa wamekwisha kufa. Michael Gottlieb na wenzake walizipima chembe za wagonjwa wao kwa zile kingamwili mpya, na mwezi Desemba wa mwaka huo wakaeleza walichokiona: chembe za kusaidia zilikuwa zimetoweka karibu zote. Mtu aliyezitazama chembe nyeupe kwa ujumla angeona upungufu tu. Aliyezitenga kwa rangi aliona ni kundi gani lililokuwa likiuawa. Kama maradhi haya yangetokea miaka mitano mapema, pengo hilo lisingaliweza kuonyeshwa kwa uwazi huo.

Mwezi Mei 1983 Françoise Barré-Sinoussi, Luc Montagnier na wenzao wa Paris walitangaza kuviona virusi vipya. Mwaka huo huo wagonjwa watatu wa kwanza wa Tanzania waliripotiwa mkoani Kagera, na ng'ambo ya mpaka, wilayani Rakai, watu wa Uganda walikuwa wakiuita ugonjwa huo Slim kwa namna ulivyowakondesha wagonjwa. Mwaka 1984 wataalamu wa Uingereza na Ufaransa walithibitisha kuwa CD4 ndiyo mlango ambao virusi huingilia katika chembe. Hivyo alama ile ile iliyoshikwa na kingamwili zenye rangi ndiyo iliyoshikwa na adui. Aliyehesabu CD4 alikuwa akihesabu milango iliyosalia.

Tangu hapo hesabu hiyo ikawa na mamlaka makubwa. Mtu mzima mwenye afya huwa na CD4 kati ya 500 na 1,500 hivi katika tone dogo sana la damu, yaani sehemu moja ya milioni ya lita. Mwaka 1993 Marekani iliamua kuwa mtu mwenye virusi ambaye CD4 zake zimepungua chini ya 200 ahesabiwe kuwa na Ukimwi hata kama bado anatembea. Mwaka 1996 ilidhihirika kwamba dawa tatu zikitumiwa pamoja huvifubaza virusi na kumrudisha mgonjwa kutoka ukingoni mwa kaburi. Dawa hizo zilikuwa ghali, na watu wenye kuzihitaji walikuwa mamilioni. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2002 uliweka namba ile ile, 200, kuwa ishara ya kuanzia dawa katika nchi maskini. Pasipokuwa na mashine, mganga aliruhusiwa kufuata dalili za mwili. Lakini dalili za mwili huchelewa kuliko hesabu, na kuzingojea ni kungojea moto utokeze juu ya paa.

Hapo ndipo nuru iliyobuniwa kwa kuonyesha ilipoanza kufanya kazi ya kuzuia. Mashine za leza zilikaa katika miji. Zilitaka umeme usiokatika, kemikali zilizohifadhiwa kwa baridi, na fundi wa kuzitengeneza. Mgonjwa wa kijijini alitolewa damu, damu ikasafirishwa kwa gari, majibu yakarudi baada ya siku au majuma, naye akatakiwa arudi kuyasikia. Wengi hawakurudi. Utafiti uliofanywa Msumbiji na kutangazwa mwaka 2011 ulionyesha ukubwa wa hasara hiyo. Katika zahanati zilizopeleka damu maabara ya mbali, wagonjwa 64 katika kila 100 walipotea kabla ya kuanza dawa. Zilipopewa kifaa kidogo kilichohesabu chembe zenye kung'aa papo hapo kwa muda wa dakika 20 hivi, idadi hiyo ikashuka hadi 33. Kipimo kilikuwa cha namna ile ile, na damu ilikuwa ile ile. Kilichobadilika ni urefu wa njia kati ya nuru na mtu aliyeihitaji.

Swali kubwa zaidi liliulizwa Uganda na Zimbabwe tangu mwaka 2003: je, mgonjwa anyimwe dawa kwa sababu maabara hazipo? Watu zaidi ya 3,300 waliingizwa katika majaribio yaliyoitwa DART. Wote walipewa dawa. Nusu yao waganga wao waliongozwa pia na vipimo vya mara kwa mara, na nusu nyingine kwa uchunguzi wa mwili pekee. Baada ya miaka mitano, 90 katika kila 100 wa kundi la kwanza walikuwa hai, na 87 katika kila 100 wa kundi la pili. Vipimo vilikuwa na faida, na watatu katika mia si idadi ya kudharauliwa. Lakini dawa pasipo vipimo iliokoa maisha mengi mno kuliko vipimo pasipo dawa.

Kizuizi kikaanza kusogezwa. Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani lilipandisha namba ya kuanzia dawa kutoka 200 hadi 350, na mwaka 2013 hadi 500. Mwaka 2015 majaribio mawili makubwa, moja la nchi 35 na jingine la Côte d'Ivoire, yalithibitisha kuwa kungoja kunadhuru hata mtu ambaye chembe zake bado ni nyingi. Mwaka huo Shirika likaagiza kwamba kila mtu mwenye virusi aanzishiwe dawa, hesabu yake iwe ndogo au kubwa. Kenya, Uganda na Tanzania zikaufuata uamuzi huo mwaka 2016. Namba iliyokuwa bawabu kwa miaka 13 iliondolewa mlangoni.

Rangi za kung'aa hazikuachishwa kazi kwa sababu hiyo. Zilipewa kazi nyingine. Ya kwanza ni kupima wingi wa virusi vyenyewe. Katika kipimo hicho vinasaba vya virusi hunakiliwa mara nyingi ndani ya kichupa, na kila nakala mpya huongeza mng'ao. Mng'ao ukitokea mapema, virusi vilikuwa vingi. Ukichelewa, vilikuwa vichache. Tangu mwaka 2013 kipimo hiki kimependekezwa kuwa njia bora ya kujua kama dawa zinafanya kazi. Thamani yake iliongezeka kwa matokeo ya utafiti wa mwaka 2011, ulioonyesha kuwa mtu aliyeanza dawa mapema hupunguza kwa asilimia 96 hatari ya kumwambukiza mwenzi wake.

Kazi ya pili ni juu ya kifua kikuu. Mwaka 2011 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza hadubini za auramini zenye taa za LED, zisizotaka chumba chenye giza wala umeme mwingi. Kabla ya hapo, Desemba 2010, lilikubali mashine ya Xpert, ambayo huvumbua vinasaba vya kijidudu katika makohozi kwa saa mbili hivi na kuonyesha kama kimekuwa sugu kwa dawa ya rifampisini. Ndani yake mna vipande vya kutafutia vilivyojikunja, kila kimoja kikiwa na rangi iliyozimwa, kama taa iliyofunikwa bakuli. Kipande kikikutana na kinasaba kinacholingana nacho, hunyooka, bakuli hufunuka, na taa huwaka. Mashine hiyo ilijaribiwa mapema Mbeya na Kampala, na kwa watu wenye Ukimwi ilikuwa msaada mkubwa, kwa maana makohozi yao mara nyingi huwa na vijidudu vichache visivyoonekana kwa hadubini.

Kazi ya tatu ni kuvifuatia virusi katika safari yao. Upana wa kirusi kimoja ni kama sehemu moja ya elfu kumi ya milimita, nao ni mdogo kuliko kadiri ambayo hadubini ya mwanga yaweza kuonyesha umbo lake. Lakini mtu aliye ufukoni usiku haoni dau la mvuvi, bali huiona karabai yake na kujua dau liendako. Ndivyo ilivyofanywa mwaka 2002, wataalamu wa Marekani walipovivika virusi protini ing'aayo kijani, iliyopatikana kwanza kwa mnyama wa baharini aitwaye kiwavi, wakaviona vikisafiri ndani ya chembe hai kuelekea kwenye kiini. Mwaka 2008 Tuzo ya Nobel ya kemia ilitolewa kwa wavumbuzi wa protini hiyo, na ile ya tiba, kwa sehemu, kwa Barré-Sinoussi na Montagnier. Hata hivyo yamebaki maficho. Mwaka 1997 ilithibitika kwamba virusi hulala ndani ya chembe chache za CD4 zilizopumzika, wala dawa haziwafikii wala hazina alama ya nje iliyo wazi ambayo kingamwili yenye taa ingeishika. Kwa sababu hiyo mgonjwa akiacha dawa, adui huamka. Mto huu uliozama ardhini bado haujapata fluoresini yake.

Historia hii inaonyesha kwamba kila hatua ya kuona ilileta wajibu mpya. Mwaka 1981 rangi ziliwafunulia watu kwamba walinzi wa mwili wanauawa, na ufunuo huo ulikuwa mwanzo wa tiba yote. Baadaye hesabu yake ilitumiwa kugawa dawa chache kwa watu wengi, na katika mgawo huo wengi walikufa wakingoja namba zao zishuke. Lakini kosa la pili laweza kuzaliwa na marekebisho ya kosa la kwanza. Kwa kuwa CD4 si mlango wa dawa tena, yako mahali ambapo kipimo chake kimesahauliwa, ilhali watu bado hufika hospitalini wakiwa wamechelewa, chembe zao zikiwa chini ya 200, na wasipopimwa hapana ajuaye kwamba kifua kikuu au homa ya uti wa mgongo inawanyemelea. Ndiyo maana mwongozo wa mwaka 2017 ulisisitiza tena kwamba wagonjwa wa namna hiyo watafutwe kwa kipimo hicho hicho. Hesabu iliyotumiwa kumwambia mgonjwa angoje, sasa yafaa kumwambia mganga afanye haraka. Taa haina dhambi wala thawabu. Aishikaye ndiye aamuaye kama itamulika njia ya mgonjwa au itasimama mlangoni kumzuia.